Mume Aliyenikataza Kwenda kwa Miguu

Mara ya mwisho mliniacha kituoni Palma, kikapu cha chakula mkononi, basi la kampuni linatimua vumbi bila mimi.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hajalisoma, jina langu ni Rachida. Nafua mashuka, chini ya msimamizi wetu Dona Inês, kwenye kambi ya wageni waliokuja kutafuta gesi kule rasini. Mume wangu ni Ussumane, mtu wa Mbau. Tuna binti mmoja, Fátima. Na siku ile dereva wa basi, Feliciano, alinizuia mlangoni akasema basi sasa ni la mafundi peke yao. Wafuaji, wapishi na wafagizi kila mtu ajue njia yake.

"Si mimi, Dona Rachida," alisema. "Amri ya mapatrão, wakubwa wa kampuni. Mimi kazi yangu usukani."

Nikarudi nyumbani nalia. Nilidhani kukosa basi ndio msiba wangu. Kumbe ule ulikuwa utangulizi tu.

Ussumane alikuwa barazani anakunywa chai. Nilipomwambia basi limenikataa, kikombe kilimponyoka.

"Limekukataaje? Nani kasema?"

"Feliciano. Lakini usihangaike. Nitakwenda kwa miguu. Nakata njia ya mashambani, navuka mkono wa bahari, natokea nyuma ya kambi. Mama alipita njia ile maisha yake yote."

"Kwa miguu? Thubutu!"

Nikashtuka. Ussumane si mtu wa kupaza sauti.

"Tembo wameshuka huko," akasema, sasa kwa upole. "Na bamvua likija, asubuhi maji yamejaa. Utavuka vipi? Upandishe nguo kifuani mbele ya wanaume? Mke wangu mimi?"

"Basi nifanye nini, Ussumane? Dona Inês anataka watu kazini jua linapochomoza. Anayekosa anaambiwa asirudi."

"Niachie mimi."

Nikamwachia. Mwanamke akiambiwa maneno hayo na mume wake, moyo unalala usingizi.

Jioni akaingia uani anasukuma baiskeli.

Haikuwa mpya, lakini ilikuwa na kengele, na kiti amekifunga kitambaa cha kanga nisiumie. Jirani zangu walitoka kutazama. Mmoja akasema, "Rachida, sisi wengine tumeolewa, wewe una mume."

Palma mwanamke juu ya baiskeli ni sherehe ya bure. Ussumane alinipeleka uwanja wa mpira, akashika kiti, akakimbia nyuma yangu jasho linamtoka. Vijana walipiga miluzi. "Shikamoo afande!" "Mama, taa ya nyuma umeisahau!" Yeye hakujali. Nikianguka ananiinua, ananikung'uta mchanga, ananipandisha tena.

Nilimpenda upya, sifichi. Nilimpenda kuliko siku ya ndoa, maana siku ya ndoa nilikuwa simjui.

Sasa, mnaotaka kujua kipi bora kwa mtu wa kazi, mimi nimevionja vyote. Basi lina raha yake. Unakaa, unasinzia, unafika nguo safi. Ila linazunguka mbali, linafuata barabara kuu kama mtu anayemkwepa mkwe wake. Na basi halisalimii mtu. Unapita vijiji vyote kioo kimefungwa, huulizi hali, huulizwi.

Baiskeli nayo inafuata barabara hiyohiyo, kwa kuwa njia ya mashambani ni mchanga mtupu, tairi linazama. Utasukuma kuliko utakavyopanda. Kanga inaingia kwenye mnyororo. Malori ya kampuni yanakupita hata huoni mbele kwa vumbi. Nilikuwa nafika kambini nimekuwa mwekundu mpaka nyusi, na Dona Inês ananiambia nianze kwa kujifua mwenyewe.

Kwa miguu sikuwa nimepita tangu nilipopata kazi. Wala sikuwa na sababu. Shamba la marehemu mama yangu liko kwenye njia ile, lakini Ussumane alisema, "Wewe kazana na kazi, shamba nitaliangalia mimi." Na kweli aliliangalia. Kila wiki aliniletea nazi na korosho, akizimimina jikoni anasema, "Za mama yako hizo." Ningemtilia shaka kwa lipi?

Halafu lori moja likanisukumia mtaroni.

Mimi nilichubuka goti tu. Baiskeli ilikunja ringi ya mbele ikawa haizunguki. Nikaivuta mpaka nyumbani usiku umeingia.

Ussumane hakuitazama baiskeli. Alinitazama mimi, akanishika mikono yote miwili.

"Kesho usiende kazini."

"Dona Inês atanifukuza."

"Hakufukuzi kwa siku moja. Mimi alfajiri napanda basi dogo la chapa, nakwenda Mocímboa kutafuta ringi. Wewe kaa nyumbani na mtoto. Niahidi, Rachida. Niahidi hutapita njia ile ya mashambani."

"Tembo tu ndio unaowaogopa?"

"Nakuogopea wewe."

Nikaahidi. Alfajiri akambusu Fátima akiwa bado amelala, akatoka.

Nilikaa. Nikafagia uwanja, nikaosha vyombo, nikafagia tena palepale. Kila nikifumba macho namwona Dona Inês anampa mtu mwingine beseni langu. Mume anahangaika mpaka Mocímboa kwa ajili ya kazi yangu, nami niipoteze kwa kuogopa tembo ambao sijasikia mtu mwingine akiwataja? Nikajiambia nitampa furaha. Atarudi na ringi, atanikuta nimekwenda na nimerudi salama.

Nikamwacha Fátima kwa jirani, nikashika njia.

Ilikuwa siku ya maji mafu. Nilivuka maji yamenifika magotini, viatu mkononi. Wallahi nilijiona msichana. Upande wa pili nikakutana na mama mmoja wa kule mashambani anachanja kuni. Akaacha shoka.

"Rachida! Kumbe uko hai? Sisi tuliambiwa huku hukutaki tena, umekuwa mtu wa wazungu."

"Nani kasema?"

"Aa, maneno ya watu," akasema, akarudi kwenye kuni zake haraka haraka.

Sikulipa uzito. Nikaendelea, na nilipofika pale minazi ya mama inapoanza, nikaona moshi.

Shamba lile halikuwa na nyumba tangu mama afariki. Sasa ilikuwepo nyumba. Udongo wa ukuta haujakauka vizuri, makuti mapya. Miche ya minazi imepandwa kwa mistari mpaka karibu na makaburi. Na mwanamke ameinama jikoni, anapuliza moto, mgongo kwangu.

Moyo ukaniambia hapohapo kwamba ni mke mwenza. Ndiyo maana hakutaka nipite. Tembo! Tembo mwenyewe ndiye huyu anapuliza moto!

Nikaweka kikapu chini. Nikajifunga kibwebwe. Nilikuwa tayari kumwonyesha binti ya watu mikono inayokamua mashuka ya wanaume mia ina nguvu gani.

"We mwanamke!"

Akageuka.

Alikuwa Cadija. Wifi yangu. Dada yake Ussumane, tumbo moja.

Cadija niliyeambiwa yuko Mbau, mjane, mgonjwa, na ambaye kila mwezi nilimtumia unga na sabuni kwa mkono wa kaka yake. Akatupa pepeo, akanikimbilia, akanikumbatia mpaka kibwebwe changu kikalegea.

"Wifi! Nimekungoja mpaka nimechoka! Kila siku namwuliza kaka, wifi yangu haji nimshukuru? Mungu akulipe. Mwanamke gani anayempa mwenzake shamba la mama yake? Sasa wanangu wana pa kulala."

"Shamba gani, Cadija?"

"Hili."

"Nimekupa lini?"

Akaniachia. Wanawe wawili walikuwa wamekaa mlangoni wanakula muhogo. Wakaacha kutafuna.

"Kaka alisema," akasema polepole. "Alisema wewe una kazi, una basi, mchanga huutaki tena. Alisema umeniachia kwa moyo wako."

Nikakaa chini, mchangani, bila kuchagua mahali.

Msiotoka kwetu mtauliza kwa nini amlete dada, asilete mke mpya. Kwetu shamba linamfuata mwanamke. Mama humwachia binti. Mume ni mgeni pale, hata akipanda minazi elfu. Mke mpya naye angekuwa mgeni kama yeye. Lakini dada yake akikaa, akapika, akaonekana na majirani kuwa ndiye mwenye jiko, shamba linahamia kwa watu wa mama yake Ussumane, na baada yake kwa wapwa zake wale wawili. Ussumane hakutafuta mwanamke mwingine. Laiti angetafuta mwanamke! Alichotafuta ni kitu cha Fátima, mtoto wake mwenyewe, akawape watoto wa dada yake.

"Na kwa nini sasa?" nikauliza. "Miaka yote hii, kwa nini sasa?"

Cadija alikuwa ameanza kulia. "Leo wanakuja watu wa kuandika wenye mashamba. Wageni wanataka eneo lote hili kwa ajili ya gesi. Watakaohamishwa watajengewa nyumba ya matofali na kupewa shamba jingine. Kaka alisema nisitoke leo, moto usizimike."

Leo. Ndiyo maana nilifungiwa nyumbani leo.

"Cadija, sikukupa. Sikuulizwa hata. Hili ni la Fátima."

Akapiga magoti mbele yangu, akanishika miguu yenye tope. "Wallahi wifi, sikujua. Wakija nitawaambia wewe ndiye mwenyewe. Nitasema kwa mdomo wangu huu. Mimi si wa kula cha yatima na mtoto wa kaka yangu."

Tukalia pamoja. Akanipa maji, akanipa muhogo. Nilimsamehe palepale, nikamwambia hata kama shamba ni langu, hatalala nje.

Gari likaingia.

Alitangulia kushuka mjomba Sufo, kaka yake mama, ambaye shamba lake limepakana na letu. Nikasema alhamdulillahi, mwenye kunijua amefika. Akashuka kijana wa serikali, Paulino, mtu wa bara, shati limenyooka, mpole. Nyuma ya gari majirani wa mashambani walikuwa wanakuja kwa miguu, wanaume kwa wanawake.

Kisha mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mume wangu, aliyekuwa Mocímboa kutafuta ringi.

Aliponiona alisimama, mguu mmoja bado garini.

"Mocímboa umerudi saa ngapi?" nikamwuliza.

"Rachida." Akatazama watu, akateremsha sauti. "Uliniahidi."

Eti niliahidi! Mtu ameiba nyumba yako, halafu anakulaumu umeamka mapema.

"Bom dia," akasema Paulino, hajui alichoingilia. "Tunaanza na hapa. Mwenye shamba ni nani?"

"Mimi," nikasema. "Rachida. Mama yangu amelala pale chini ya ule mkorosho. Mjomba Sufo yupo, mwulizeni."

Paulino akamgeukia mjomba. Mjomba akatazama fimbo yake.

"Rachida ni mtoto wa dada yangu. Hilo sikatai," akasema. "Lakini kwetu sisi, senhor, shamba ni miguu. Mwenyewe anapita, anaonekana, anaulizwa hali, anang'oa jani, anakwenda zake. Mimi niko hapa kila siku. Miguu ya huyu sijaiona tangu masika."

"Mjomba!"

Hakunitazama. Kwa nini hakunitazama nilikuja kujua baadaye, na heri nisingejua.

"Ni kweli," akasema yule mama wa kuni. "Tulikuwa tunamwona ndani ya basi, kule barabarani. Kioo kimefungwa."

"Halafu akawa na baiskeli," mwingine akadakia. "Kulekule barabarani. Huku hakukanyaga."

"Na kaburi la mama yake, arobaini, nani alilifagia?" akauliza mzee mmoja. "Si Cadija? Tulikuwepo wote."

Nilikuwa na mimba ya Fátima! Mja mzito kwetu hakanyagi kaburi. Nilitakiwa nimwombe binamu yangu, mtu wa tumbo letu, afagie badala yangu, maana anayefagia ndiye anayehesabiwa mrithi. Lakini nilimpenda wifi yangu, nikataka kumpa heshima, nikamkabidhi ufagio mbele ya ukoo mzima. Wazee waliguna siku ile. Mimi nikawaona wana roho ndogo.

Nilisimama pale katikati ya watu wangu, na ndipo nilipoielewa baiskeli.

Hakuninunulia ili nifike kazini. Alininunulia nisipite huku. Basi lilipokuwa linanipeleka, alikuwa analala usingizi mzuri, kwa kuwa kila siku lilinizungusha mbali na shamba la mama. Basi liliponikataa, kikombe kikamponyoka. Jasho lote lile la uwanjani, kile kitambaa cha kanga kwenye kiti, kule kunikung'uta mchanga. Nilikuwa nafundishwa kupotea. Niliumia mahali ambapo sijui pa kupashika.

"Kuna njia rahisi," akasema mjomba Sufo. "Ussumane ni mume wa huyu na ni kaka wa yule. Anajua ukweli wote. Aape, tumalize."

Watu wakaafiki. Mmoja akaenda kwake kuchukua msahafu, akarudi ameufunga kwa kitambaa cheupe. Nikashusha pumzi. Ussumane ni mwongo, lakini anaswali. Anaogopa Mungu. Hataushika msahafu aseme uongo.

Na kweli hakuushika.

Akarudi hatua nyuma, mikono mgongoni, akasema kwa sauti ya mtu mwenye adabu zake: "Wazee wangu, mimi ni mwanamume. Shamba kwetu ni la wanawake. Nitaapaje kwa kitu kisichonihusu? Waape wao."

Wazee wakatikisa vichwa kwamba amesema la haki. Alitumia mila ileile aliyoikanyaga, akajifutia nayo miguu.

"Haya, Cadija," akasema mjomba.

Sikuogopa. Nilimtazama Cadija kama mtu anayetazama mlango wa kwao. Machozi tuliyolia hayakuwa yamekauka kwenye kanga yangu.

Cadija akaomba maji. Akatia udhu nyuma ya nyumba, akarudi amejitanda vizuri. Kaka yake aliinamia watoto wale mlangoni, akamchukua mdogo, akambeba begani, akasimama naye mahali ambapo mama yake angemwona.

Cadija akaona.

Akaupokea msahafu. Midomo ilimcheza kwanza bila sauti. Kisha akasema, wote wakasikia:

"Naapa, Rachida alinipa shamba hili. Kwa mkono wake."

Nilisikia chungu kinachemka jikoni kwake.

"Wifi," nikasema. "Sasa hivi tu. Sasa hivi ulinishika miguu."

Akafumba macho.

Paulino akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye kazi ya kumaliza. "Senhora Rachida, nawe una haki ya kuapa. Ukiapa kinyume, siandiki jina la mtu leo. Jambo linakwenda mbele, wilayani."

Mjomba Sufo akanisogelea, kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, akaninong'oneza.

"Fikiri, mwanangu. Wawili wakiapa kinyume, mmoja amemshuhudisha Mungu uongo. Kiapo kile hakimpati aliyeapa. Kinapata watoto. Ukishika msahafu huo, umewahukumu wanawe Cadija wale wawili. Na damu yao ndiyo damu ya Fátima."

Niliwatazama. Yule mkubwa alikuwa bado ana muhogo mkononi, ananitazama mimi, mke wa mjomba wake ambaye amesikia sifa zake miezi yote. Nikamtazama Ussumane na mtoto begani. Alikuwa anatabasamu kidogo. Alijua sitaweza. Alinijua vizuri kuliko nilivyomjua yeye.

Tabasamu lile ndilo lililoninyanyua.

"Leteni maji," nikasema.

Hakuna aliyeondoka. Wanawake wote walitazama chini. Mwishowe Cadija mwenyewe akachota kwa kata kwenye mtungi wake, akaja, akainama mbele yangu. Akanimiminia mikononi, nikanawa. Akanimiminia nikaosha uso. Maji yalikuwa yanamwagika nje, na kila akimimina anasema chini kwa chini, mimi tu ninayesikia, "Wifi, nihurumie. Wifi, watoto."

Nikaosha miguu. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikaupokea msahafu.